Pampu Ikikataa Kuwaka, Tafuteni Cheche Kwanza

Vikundi vingi bado vinanyunyizia mboga maji kwa pampu kuukuu ya petroli, mara nyingine yenye injini ya Briggs & Stratton iliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1980. Injini hiyo haina betri. Sumaku ya flaiwili hupita karibu na koili, pointi zinaachana, na umeme unaruka kwenye plagi. Ikikataa kuwaka wakati wa kiangazi, nyanya hazingoji. Hapo mweka hazina anaambiwa atoe pesa za koili mpya, na mara nyingi koili haina makosa. Tuangalie pamoja kabla ya kufungua kibeti.

Fungeni petroli na kusogeza mtungi mbali. Toeni plagi. Ikiwa imelowa, mafuta yanafika, tuendelee na umeme. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta kamba mara nyingi, angalieni kabureta pia. Sasa panguseni petroli iliyomwagika, rudisheni kofia ya waya kwenye plagi, na muishike kwa koleo lenye mpini wa mpira, chuma chake kikigusa injini, mbali na tundu ilikotoka. Msishike kwa mkono mtupu! Mwingine avute kamba kwa nguvu.

Cheche nzuri ni ya buluu na unaisikia ikilia ta! ta! Ile nyembamba ya manjano ni dhaifu. Msidanganyike kwa kuwa inaonekana hapo nje. Ndani ya silinda, hewa ikishindiliwa, inaweza kushindwa kuruka.

Jaribuni plagi nyingine iliyo nzima. Nafasi yake iwe milimita 0.75. Bado hakuna? Tafuteni waya ya kuzimia injini, kwa sababu hiyo ndiyo inayosahaulika sana. Ikichubuka na kugusa chuma, ni kama injini imezimwa siku zote. Ichomoeni, muizuie isiguse chochote, kisha mjaribu tena. Cheche ikirudi, shida ni waya, na dawa yake ni waya mpya ya bei ndogo. Lakini muirudishe kabla ya kazi, ndiyo mpate kuzima injini haraka mtu akipata hatari.

Ikiwa waya ni nzima, twende kwenye pointi, vile vyuma viwili vidogo vilivyo chini ya flaiwili. Flaiwili isipigwe nyundo ovyo ikapasuka. Azima kifaa cha kuivutia kwa fundi. Pampu iliyokaa bila kazi msimu mzima, pointi zake hushika kutu au mafuta. Zisugueni kwa tupa laini, halafu mpitishe karatasi safi katikati mpaka itoke bila uchafu. Zikiwa wazi kabisa, nafasi iwe milimita 0.5. Ikiwa zimeungua na kuchimbika, shukuni kondensa. Katika nyingi za injini hizi pointi moja imeshikamana na kondensa, kwa hiyo badilisheni seti yote.

Mkishafunga tena, pimeni nafasi kati ya koili na sumaku. Kadi ngumu ya harambee inatosha kuwa kipimo, maana inatakiwa kama milimita 0.3. Kutu kwenye sumaku isafishwe.

Koili yenyewe mbovu ina dalili yake: injini inafanya kazi nusu saa, inazima ikiwa moto, cheche haipo, halafu ikipoa inawaka kama kawaida. Hapo sasa toeni pesa.

Na kama cheche ni nzuri lakini kamba inakurudisha mkono kwa nguvu, angalieni ki, kile kipande kidogo kinachoshikanisha flaiwili na shafti. Kikikatika, cheche inakuja wakati usiofaa. Msiweke kipande cha msumari badala yake. Ki hicho kimefanywa laini makusudi, kikatike chenyewe kabla shafti haijaharibika.