Mboji Bugeshi: maswali ya wakulima na wachuuzi

Nanunua mbolea ya NPK kwa bei ya Nkunganire, ruzuku ya serikali. Mboji ya nini tena?

Kwa sababu ya udongo wetu. Ardhi ya Bugeshi, sekta yetu hapa Rwanda, imetokana na volkano; ina rutuba, lakini mahali pengi ni nyepesi na yenye changarawe. Mvua kubwa ikinyesha, maji hupenya upesi na kuondoka na mbolea uliyoinunua. NPK 17-17-17 hukilisha kiazi msimu huu, basi. Kazi ya kuushika unyevu na kuizuia mbolea isisombwe ni ya mboji. Ukivitumia vyote viwili, fedha uliyolipa wewe, na ile serikali iliyokuongezea, haipotei ardhini.

Nahitaji kiasi gani?

Kiwango kinachotajwa sana ni tani 10 kwa hekta, yaani kilo 100 kwa kila ari. Mwenye ari 20 za viazi atafute tani 2. Ni mzigo mzito, na maganda ya jikoni peke yake hayatoshi hata kidogo. Ndiyo maana jambo hili linataka watu washirikiane.

Itatoka wapi, basi?

Kwanza zizini. Tangu 2006 mpango wa Girinka umekuwa ukizipa kaya maskini ng'ombe, na ndama jike wa kwanza hukabidhiwa jirani. Wengi tunahesabu maziwa tu. Lakini samadi iliyoachwa juani na mvuani hupoteza nguvu yake nyingi, na mkojo, ambao una naitrojeni nyingi, hunywewa na ardhi ya zizi bila faida. Ezeka zizi, tandaza majani makavu yanyonye mkojo, kisha yapeleke kwenye lundo la mboji.

Pili, sokoni. Siku ya soko la Kabuhanga, pale mpakani na Congo, hubaki majani ya kabichi na karoti zilizooza. Kwa mchuuzi ni uchafu wa kufagia. Kwa mkulima aliye karibu ni tani za mboji. Ushirika wa wakulima unaweza kuafikiana na wasimamizi wa soko: wao watenge mabaki ya mboga mahali pake, ushirika uyabebe. Sekta ikitoa kiwanja cha malundo, na umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ukatumika kukiandaa, gharama inayobaki ni usafiri tu.

Kitu gani kisiingie kwenye lundo?

Kwenye eneo la viazi swali hili lina uzito kuliko yote. Viazi vilivyooza kwa mnyauko wa bakteria, pamoja na mashina yake, visiingie kamwe. Lundo lisilopata joto la kutosha haliui vimelea hivyo, na utakuwa umeusambaza ugonjwa kwa mikono yako shamba zima. Viazi vyenye baka jani navyo vina hatari: vikichipua kwenye lundo, ugonjwa huanza upya. Vifukie mbali na shamba.

Plastiki pia, hata vipande vidogo. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na sheria ya 2019 ikagusa plastiki nyingine za kutumika mara moja. Hata hivyo kamba za nailoni na vifungashio bado vinaonekana mashambani.

Lundo langu limekaa miezi mingi, mbona haliivi?

Bugeshi iko juu ya mita 2,000, na usiku ni baridi. Lundo dogo halijipatii joto. Lijenge lifike walau mita moja kwenda juu na mita moja kila upande: tabaka la makavu, tabaka la mabichi na samadi, kisha udongo kidogo. Lifunike. Chomeka kijiti kirefu katikati. Ukikichomoa baada ya siku chache kiwe cha moto mkononi. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji. Kikiwa baridi na kinanuka, pindua lundo na ongeza makavu. Pindua kila baada ya wiki tatu hivi.

Serikali ifanye nini zaidi?

Mamlaka ya mazingira ya Uganda, NEMA, ilijenga kwa msaada wa Benki ya Dunia vituo vya mboji katika miji kadhaa, ikiwemo Mbale, Jinja na Kabale. Takataka zilifika zimechanganyika, na kuzichambua kukawa kazi kubwa. Korea Kusini ilianzia upande mwingine: mwaka 2005 ilizuia mabaki ya chakula yasizikwe jalalani, na tangu 2013 kaya hulipia kwa kadiri ya inachotupa. Kwa maoni yangu, fedha ya kwanza ya umma iende kwenye kutenganisha: mapipa mawili sokoni, na malipo kwa anayeleta mabaki safi. Mitambo isubiri.

Nianze lini?

Kwa viazi vya Msimu A, vinavyopandwa Septemba, lundo liwe limesimama kufikia Mei au mapema Juni. Mwite mshauri wa kilimo wa mudugudu (kijiji) wako, au agronomu wa sekta, alikague kabla hujaanza kulipeleka shambani.