Abu Dharr, Ernst May na Ramani ya Kampala



Wengi wetu tulipelekwa Makumbusho ya Uganda tukiwa shule ya msingi. Tulioneshwa ngoma, mikuki na mitumbwi, tukaambiwa: hii ndiyo nchi yenu. Habari za jengo lenyewe hatukuambiwa. Lilichorwa na Mjerumani, Ernst May, likajengwa mwaka 1954.

May alikuwa msanifu mashuhuri wa majengo ya kisasa. Kati ya 1925 na 1930 alisimamia ujenzi wa maelfu ya nyumba za watu wa kipato cha chini mjini Frankfurt: paa bapa, jua na hewa safi kwa kila familia. Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, May, mwenye asili ya Kiyahudi, alikuwa Urusi na hakuweza kurudi kwao. Akaja Tanganyika mwaka 1934, baadaye akahamia Nairobi.

Nairobi hiyo ilikuwa na mambo yake. Mwaka 1933 walowezi na madaktari walianzisha chama cha kuchunguza "uboreshaji wa mbari". Hiyo ndiyo eujeniki: nadharia kwamba ubora wa mtu umo katika damu, tena hupimika. Dakta H. L. Gordon wa hospitali ya Mathari alishikilia kwamba akili ya Mwafrika ina kikomo cha kuzaliwa nacho. Mwenzake F. W. Vint akapima ubongo wa maiti za Waafrika. London ilikataa kugharamia utafiti mkubwa waliouomba, chama kikafifia.

Fikra ya ngazi za watu haikufifia, maana ilikwisha ingia ardhini. Profesa W. J. Simpson, aliyetumwa kukagua usafi wa miji yetu mwaka 1913, alipendekeza kwa jina la afya kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mitaa mbalimbali, na ardhi tupu katikati.

Serikali ilipomwita May mwaka 1945 achore upanuzi wa Kampala, hakupima fuvu la mtu. Aliamini Mwafrika anaweza kuendelea, ila polepole, akilelewa na nyumba na mtaa wenyewe. Ramani yake ya 1947 ilimweka Mwafrika Naguru, na Mzungu Kololo. Alibuni pia nyumba ya vipande vya zege vilivyopinda, ili Mwafrika aone kitu kinachofanana na msonge wake. (Bibi yangu kule Mulanda, aliyezaliwa na kuzeeka katika msonge, angeuliza kwanza moshi utatokea wapi.) Tusimwite May mwovu. Alikimbia nchi inayopanga watu kwa damu, akafika kwetu na kuchora mji unaopanga watu kwa damu, na nadhani hakuona mgongano wowote.

Hapa namkumbuka Abu Dharr (r.a.). Alimtukana mtu kwa kumtaja mama yake, na riwaya nyingine zinasema mtu huyo ni Bilal na tusi lilikuwa la weusi. Mtume (s.a.w.) akamwambia kwamba bado ana ujahiliya ndani yake. Aliambiwa hivyo sahaba mkweli, si Abu Jahl! Kwa hiyo kudhulumiwa, au hata kuwa mwema, hakumtoi mtu ujahiliya peke yake. Suratul Hujurat, aya ya 13, inauweka ubora katika takwa, na hiyo hakuna mizani ya Nairobi iliyoweza kuipima.

Lakini tazama Abu Dharr alifanya nini baadaye. Hakuishia kuomba radhi. Miaka mingi mbele watu walimkuta Rabadha amevaa joho, na mtumwa wake amevaa joho kama lake. Walipomuuliza sababu, aliwasimulia kisa hicho.

Uhuru ulipokuja mwaka 1962 tuliyachukua majengo, na ramani pia. Kololo leo ni kilima cha mabalozi na matajiri. Nyumba za Naguru na Nakawa zilibomolewa mwaka 2011, na wapangaji wakatolewa.

Wallahu a'lam.