Kona ya Dada: Kuku Watembee, Ila Wasinywe Mtoni

Wadogo zangu, leo nataka tuongee habari za kuku. Mdogo wetu mmoja wa Njinjo, Kilwa, kaniuliza hivi: "Dada, kuku wangu wa mayai wanashinda nje, wanachakura hadi kwenye majaruba ya mpunga kule bondeni. Redioni nasikia habari za mafua ya ndege. Niwafungie?"

Mdogo wangu, usiwafungie mwaka mzima. Kuku wa kienyeji riziki yake iko miguuni: mchwa, majani, punje za ufuta zilizobaki uwanjani. Ukimfungia na huna pumba wala dagaa wa kumpa, mayai yatakata kabla hata ugonjwa haujafika. La maana ni kujua ugonjwa unapitia wapi, uzibe hapo.

Unapitia majini kwanza. Bata mwitu na ndege wengine wa majini wanaweza kubeba kirusi tumboni huku wakiwa wazima, wakakitoa kwa kinyesi. Kwenye maji ya baridi kinadumu siku nyingi. Na pwani yetu, toka delta ya Rufiji na Mafia hadi Kilwa, ni kituo cha ndege wahamaji. Hiyo ni sababu mojawapo mwaka 2004 ikaingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani. Wageni hao wanaanza kuingia mwezi wa tisa na wa kumi, wanaondoka mwezi wa tatu na wa nne. Miezi hiyo ndiyo ya kukaza uzi.

Msidhani ni mambo ya Ulaya tu. Januari 2017 ndege pori walianza kufa kando ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe, na huko Uganda ugonjwa ukaonekana pia kwa bata na kuku wa kufugwa. Mwaka 2023 uliingia kwa majirani zetu wa Msumbiji, kwenye kuku wa mayai mkoani Inhambane.

Sasa tufanyeje? Maji wape nyumbani, asubuhi kabla hujawafungulia. Kuku aliyekunywa akashiba hana haraka ya kwenda mtoni. Chombo cha maji na cha chakula viweke chini ya paa la makuti, ndege wanaopita wasivichafue, na pumba iliyomwagika ifagie, maana ndiyo inayowaita. Upande wa bondeni weka uzio wa matete, au nyavu chakavu za wavuvi. Kama una bata, walaze mbali na kuku, wala usiwaache washinde mtoni halafu jioni warudi kunywa bakuli moja na kuku wako. Na uwe na ndala za bandani tu. Zile ulizotoka nazo shambani ziishie mlangoni.

Mlango wa pili ni tenga. Mchuuzi anaingia na pikipiki, tenga limejaa kuku wa vijiji vitatu, kinyesi kinadondoka uani kwako huku mnapatana bei. Mkirimu kwa maneno, mdogo wangu, lakini abaki barabarani. Kuku mpelekee wewe, na asiyenunuliwa asirudi bandani moja kwa moja. Kuku yeyote mgeni, hata wa zawadi kutoka kwa wifi, mtenge wiki mbili kwanza.

Halafu kuna hili la kuwahi kisu. Kuku anasinzia, mbawa zimeshuka, tunasema tumchinje kabla hajawa kibudu. Tunamnyonyoa kwa mikono mitupu, watoto wamezunguka, matumbo tunawatupia kuku wengine. Hapo ndipo hatari inapohamia kwetu. Tangu 2003 watu zaidi ya 900 duniani wamethibitika kuugua mafua ya ndege aina ya H5N1, na karibu nusu yao wamefariki. Nyama na mayai yaliyoiva sawasawa hayana neno. Balaa iko kwenye kumshika, kumchinja na kumnyonyoa kuku mgonjwa.

Najua mtasema, "Dada, huo si mdondo tu?" Mara nyingi ni mdondo kweli, na ndiyo sababu nawasihi mchanje. Chanjo ya I-2 inatengenezwa Kibaha, inastahimili joto kuliko chanjo za kawaida, unadondosha tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja inachanja kuku wengi, kwa hiyo changeni na majirani mchanje siku moja. Haizuii mafua ya ndege, lakini ina faida ya pili: kuku waliochanjwa wakianza kufa kwa wingi, unajua hili si la kawaida.

Tazama upanga na ndevu zikigeuka zambarau, kichwa kikivimba, miguu ikiwa na mabaka mekundu, mayai yakikoma ghafla au yakitoka na ganda laini. Wengine wanakufa bila dalili yoyote. Kwa macho huwezi kutofautisha na mdondo. Jibu liko maabara. Kwa hiyo usichinje, usiuze, usigawe, mzoga usiutupe mtoni. Wafungie waliobaki, zuia watoto, nawa kwa sabuni, kisha mwite afisa mifugo wa kata.

Naelewa kinachowazuia: mnaogopa wakija watateketeza kuku wote. Ni kweli serikali haina mzaha. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilichomwa Namanga kwa hofu ya ugonjwa huu huu. Lakini ukinyamaza ukawauza wagonjwa gulioni, utakuwa umewamaliza wa kwako na wa kijiji kizima. Kutoa taarifa ni sheria, na ni ujirani mwema. Leo hii, kabla hujalala, hakikisha namba ya afisa mifugo wako iko kwenye simu.