Mali Bila Daftari

Sote twajua kisa cha Nabii Yusuf, amani ya Mwenyezi Mungu iwe juu yake, alipoomba awekwe juu ya hazina za Misri. Alijitaja kwa sifa mbili: kuhifadhi na kujua. Hakusema ana huruma tu kwa wenye njaa, kwani huruma peke yake haijazi ghala. Somo letu la leo lahusu sifa hizo mbili, na mfano wetu ni Waislamu wa India na mipango ambayo serikali ya nchi hiyo iliwawekea ili kuwainua.

Kwanza, yafaa tujue hali ilivyokuwa. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2001, Waislamu wa India walikuwa kiasi cha milioni 138, yaani 13 na kitu katika kila watu 100. Kwa miaka mingi wako waliosema kuwa watu hawa wapendelewa na serikali. Wako na waliosema kuwa wameikataa elimu kwa hiari yao, wakajifungia katika madrasa. Wenyewe walilalamika kuwa wamesahauliwa. Kila mmoja alisema lililo moyoni mwake, wala hapakuwa na aliyeshika hesabu mkononi.

Mwezi wa Machi 2005, Waziri Mkuu Manmohan Singh aliunda kamati ya watu saba chini ya Rajinder Sachar, aliyepata kuwa jaji mkuu wa Mahakama Kuu ya Delhi, naye si Mwislamu. Kamati hii haikuanza kwa kutoa rai, bali ilianza kwa kuhesabu. Ilipotoa ripoti yake Novemba 2006, mambo yalidhihirika. Waislamu wajuao kusoma na kuandika walikuwa 59 katika kila 100, ilhali kwa nchi nzima ni 65. Katika watoto wa miaka 6 hadi 14, mmoja katika kila wanne ama hakupata kuingia shule kabisa ama aliiacha. Katika maafisa wa daraja la juu kabisa la utumishi wa serikali, Waislamu walikuwa 3 katika kila 100. Na yale maneno ya madrasa? Watoto wa umri wa shule waliokuwa wakisoma huko walikuwa 3 au 4 tu katika kila 100. Basi hao wengine walikuwa wakitaka shule kama watakavyo wengine. Shule ndizo zilizokuwa mbali nao.

Pili, tutazame mipango yenyewe. Mwaka 2006 iliundwa wizara ya mambo ya jamii zilizo chache, na ukatangazwa Mpango Mpya wa Nukta 15, uliotaka, kila inapowezekana, fungu la 15 katika kila 100 la miradi kadha wa kadha liwafikie watu wa jamii hizo. Kisha mwaka 2008 zikachaguliwa wilaya 90 zenye wengi wao na zilizo nyuma, zijengwe shule, nyumba, zahanati na visima.

Hapa ndipo penye funzo. Mpango ulihesabu wilaya, haukuhesabu mitaa. Tuseme wilaya ina tarafa kumi, na Waislamu wengi wakaa katika tarafa mbili. Shule ikijengwa katika tarafa ya tatu, daftari la serikali litaandika kwamba imejengwa katika wilaya ya Waislamu, na maandishi hayo si uwongo. Lakini mtoto aliyekusudiwa haioni shule hiyo. Malalamiko yalipozidi, mwaka 2013 mpango ulirekebishwa, ukashuka kutoka wilaya hadi tarafa 710 na miji 66. Na mwaka 2014 kamati nyingine, chini ya Amitabh Kundu, ilipima yaliyofanyika ikaona kuwa kazi ilikuwa ndogo mno mbele ya haja iliyopo. Tena kilichotolewa kwa kalamu chaweza kuondolewa kwa kalamu: mwaka 2022 serikali ilisimamisha msaada uliopewa jina la Maulana Azad kwa wanafunzi wa masomo ya juu ya chuo kikuu.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, kamati ya Sachar ilizitazama na mali za Waislamu wenyewe. Ilikuta wakfu zaidi ya 490,000 zilizoandikishwa. Mapato yake kwa mwaka yalikuwa kiasi cha rupia milioni 1,630. Kamati ikakadiria kuwa zingesimamiwa vyema zingeweza kutoa rupia milioni 120,000 kila mwaka. Tazama tofauti hiyo! Baba aliweka wakfu ili mjukuu wa jirani yake asome, na mjukuu huyo amekaa barazani akingoja msaada wa serikali.

Hatusemi serikali iachwe. Kodi ni ya wote, na haki ya raia haiombwi kama sadaka. Lakini mwenye kudai haki bila hesabu hujibiwa kwa maneno, na maneno hayajengi shule. Wahenga wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi sisi wa Pwani, wenye wakfu za wazee wetu, tujiulize. Katika mtaa wetu, ni watoto wangapi wasiosoma, na majina yao yameandikwa wapi? Fedha zilizotangazwa zimeangukia tarafa gani, na mtaa gani? Nyumba na mashamba ya wakfu yaingiza nini, na chaenda wapi? Asiyeweza kujibu maswali haya matatu asimlaumu mpangaji wa mbali kabla ya kununua daftari.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe hifadhi na ujuzi. Wabillahi taufiki.