Programu za Picha za Tiba Zinapohamia Windows

Daktari wa upasuaji anapopima upana wa uvimbe kwenye picha ya CT, kipimo anachokisoma kimekokotolewa na programu. Wakati mwingine programu hiyo imeandikwa na watafiti wanaotumia Linux, ilhali kompyuta ya daktari inatumia Windows. Je, kipimo kitabaki kilekile?

Swali hili liliwakabili waliounda ITK, maktaba ya programu za kuchakata picha za tiba iliyoanzishwa mwaka 1999 kwa ufadhili wa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Ilikusudiwa kuhudumia mradi wa Visible Human, ambao kwa mwili wa mwanamume pekee ulitoa gigabaiti 15 za picha. Zana za kuundia programu katika Unix zilitegemea amri ambazo Windows haikuwa nazo. Kampuni ya Kitware ikabuni CMake: msanidi huandika mara moja maelezo ya namna programu inavyoundwa, nayo CMake huyageuza kuwa maagizo ya zana za kila mfumo endeshi.

Hata hivyo, programu kuundwa bila hitilafu hakuthibitishi kwamba inasoma picha sawasawa. Faili la picha ni mfuatano wa baiti. Likifunguliwa kwa hali ya maandishi katika lugha ya C, kwenye Windows baiti 26 huchukuliwa kuwa mwisho wa faili, na baiti 13 ikifuatwa na 10 husomwa kama baiti moja. Linux haifanyi hivyo. Picha iliyokuwa kamili kwa mtafiti hukatika, au pikseli zake huhama, mbele ya daktari. Dawa ni herufi moja katika msimbo, inayoagiza faili lisomwe jinsi lilivyo. Kosa hili, angalau, huonekana kwa macho.

Lililojificha zaidi ni aina ya namba iitwayo long. Kwenye Linux ya biti 64 huwa na biti 64. Kwenye Windows ya biti 64 hubaki na biti 32, hivyo haipiti 2,147,483,647. Picha ya hadubini ya pikseli 50,000 kwa 50,000 ina pikseli bilioni 2.5. Idadi hiyo ikihifadhiwa humo, eneo la tishu huweza kutoka hata likiwa hasi.

Ndiyo sababu CMake huambatana na CTest, inayoendesha majaribio katika kila mfumo. Picha iliyotolewa hulinganishwa na picha ya marejeo, kwa kuruhusu tofauti ndogo, maana desimali za mwisho hazilingani daima. Wakati mwingine Windows huwekewa marejeo yake yenyewe. Ni njia halali, lakini tofauti ikikubaliwa bila mjuzi wa anatomia kuitazama, jaribio litakuwa limefundishwa kulipitisha kosa.

Kwa hospitali inayopokea programu iliyoundwa kwingine, lipo jaribio lisilohitaji msimbo. Kifaa chenye vipimo vinavyojulikana hupigwa picha ya CT, picha hiyo hufunguliwa katika kompyuta ileile atakayoitumia daktari, na umbali unaosomeka kwenye skrini hulinganishwa na ule wa kifaa chenyewe. Programu inapopokea toleo jipya, kipimo hicho hurudiwa kabla ya picha ya mgonjwa yeyote kufunguliwa.