Mdogo wangu, njoo ule

Mdogo wangu, sogea hapa tuongee. Nakujua. Ukiitwa kula unajibu, "Nimeshakula kwa shangazi," na kwa shangazi unasema umekula nyumbani. Mama anapakua ugali na sombe, na ndagala pembeni, wewe unafinyangafinyanga tonge mpaka wenzako wananawa mikono. Au ni wewe yule mwingine, unayekula vizuri mbele za watu, halafu usiku unafunua masufuria, unabugia viporo mpaka tumbo linauma, kisha unanyata kwenda chooni nyuma ya nyumba kujitapisha. Unajiona wa ajabu, kwamba hakuna mwenzako duniani. Wapo, mpenzi. Gitega wapo, Muyinga wapo, na wavulana wamo, ila wao wanaficha zaidi.

Maneno ya watu nayajua. Ukikonda, mtaani wananong'ona una UKIMWI. Bibi anasema umerogwa, jirani anasema ni vidonda vya tumbo, na mwingine anacheka kwamba hayo ni magonjwa ya Wazungu walioshiba. Usiwasikilize. Kule visiwa vya Fiji mwili mnene ulisifiwa kama tunavyousifu sisi, na msichana kujitapisha ili apungue halikuwa jambo la kawaida. Televisheni ikaingia katika mkoa mmoja wa huko mwaka 1995. Miaka 3 tu baadaye, watafiti walipowauliza wasichana wa shule wa mkoa huo, 11 hivi katika kila 100 walikiri kwamba wanajitapisha. Hiyo ni televisheni ya sebuleni. Wewe una simu, unalala nayo chini ya mto.

Lakini si kila anayekataa chakula anatafuta kiuno chembamba, na hapa nawaomba wazazi mnisikilize. Yupo aliyeacha kula tangu siku alipofanyiwa jambo asiloweza kulitamka. Yupo aliyekulia katika nyumba yenye msiba wa zamani ambao haujawahi kuzungumzwa, na nchi yetu ina nyumba nyingi za namna hiyo. Koo linafunga. Ukimpiga au ukimtukana, unalifunga zaidi.

Sasa wewe unayebugia, acha kujiita mlafi. Mwaka 1944 na 1945 huko Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi 6 hivi, chini ya mtaalamu Ancel Keys. Wakawa wakali, wenye huzuni, wakawaza chakula usiku na mchana, hata wengine wakakaa wanasoma vitabu vya mapishi. Walipoachiwa kula, baadhi yao walikula bila kujua pa kusimama. Ni njaa iliyowafanya vile, mdogo wangu, na ndiyo inayokufanya wewe. Unajinyima asubuhi na mchana, usiku mwili unadai haki yake kwa nguvu.

Ndiyo maana matibabu yanaanza na chakula chenyewe, wakati huohuo mazungumzo yakiendelea. Njia aliyoitengeneza Christopher Fairburn kule Oxford huchukua wiki 20 hivi kwa watu wengi. Unakula mara 3 kwa siku na vitu vidogo katikati, bila kupitisha saa 4 hivi tumbo tupu, na unaandika palepale ulichokula na ulichokuwa unakiwaza. Kisha unakaa na mtaalamu mnayachambua yale mawazo. Kwa binti aliye bado mikononi mwa wazazi, Hospitali ya Maudsley ya London ilianzisha njia nyingine: wazazi ndio wanaoshika usukani wa mlo, wanakaa naye mpaka amalize, kwa upole bila kulegea. Mama, hilo unaliweza. Usihesabu matonge yake kwa sauti, wala usimwambie anakuaibisha.

Na kama nyuma yake kuna huzuni nzito, tiba ya vikundi ipo. Uganda, wilaya za Rakai na Masaka, mwaka 2002, wanakijiji wenye sonona walikutana kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na watu wa hukohuko waliofundishwa, na huzuni yao ilipungua sana. Namna hiyohiyo ya mazungumzo imewasaidia pia wanaobugia na kujitapisha, ingawa huenda polepole. Utateleza, nakwambia mapema. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: mlo unaofuata ule kwa saa yake, usiuruke ili kujiadhibu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa sikutishi bure. Kujitapisha kunamaliza potasiamu mwilini, na moyo unaweza kusimama ghafla. Ukisikia kizunguzungu au moyo kurukaruka, nenda ukapimwe damu leo. Aliyekaa wiki nyingi bila mlo wa maana asishindiliwe sahani kubwa kwa siku moja. Hilo nalo linaua, lazima wauguzi wasimamie. Wewe unayejificha nyuma ya funga ya Ramadhani, unajua moyoni unachofanya. Mgonjwa ana ruhusa ya kula. Muulize sheikh wako, hatakugombeza.

Kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge, Bujumbura, kinachoendeshwa na mabruda wa Frères de la Charité, kina matawi Gitega na Ngozi. Wa Muyinga, Ngozi ndiyo jirani yenu. Asikutishe mtu kwamba pale ni pa vichaa. Ukishindwa kuanzia huko, anza na mama; ukimwogopa mama, shangazi; ukimwogopa shangazi, nesi wa kituo cha afya. Lakini tamka wazi: "Ninajitapisha," au "Ninaogopa kula." Usiseme tumbo linakusumbua, maana atakupa dawa ya tumbo na utarudi nayo nyumbani.