KUITAFUTA NUKTA HEWANI

Wahenga walinena kwamba penye nia pana njia. Mpenzi msomaji, mada ya koodineti za vipimo vitatu inawakimbiza wengi katika kidato cha tatu. Utawasikia wakisema, "Hiyo waachie wa bweni, wao hufundishana usiku." Ni kweli sisi wa shule ya kutwa hatuna masomo ya usiku shuleni, lakini kila mmoja wetu analala katika chumba chenye pembe. Hicho chatosha.

Simama kwenye pembe moja ya chumba, pale sakafu inapokutana na kuta mbili. Hapo tupaite asili, yaani (0, 0, 0). Kutoka hapo hutoka mihimili mitatu: x hufuata urefu wa chumba, y hufuata upana, na z hupanda kuelekea darini. Kwenye grafu tumezoea x na y tu kwa sababu karatasi ni bapa. Glopu haikai kwenye karatasi, inaning'inia hewani, ndiposa twahitaji nambari ya tatu.

Chukua darasa lenye urefu wa mita 8, upana mita 6 na kimo mita 3. Glopu inaning'inia mahali fulani. Fanya kama fundi wa nyumba: teremsha timazi (uzi wenye jiwe pia wafaa) kutoka kwenye glopu hadi sakafuni, kisha utie alama ya chaki. Kutoka asili hadi usawa wa alama, tuseme umepata mita 6 kwa urefu na 3 kwa upana. Uzi wenyewe ni mita 2. Basi glopu iko (6, 3, 2).

Jihadhari na mpangilio! Ukiandika (3, 6, 2) umeitoa glopu hewani ukaibandika ukutani, maana upana unaishia mita 6.

Je, ni umbali gani kutoka asili hadi kwenye glopu? Tumia kanuni ya Pythagoras mara mbili. Kwanza sakafuni: 36 + 9 = 45. Kisha upande juu: 45 + 4 = 49. Kipeuo cha pili cha 49 ni 7. Jibu ni mita 7.

Sasa, mwenzangu, ukitumwa dukani kununua waya wa stima kutoka pembe ile, utanunua mita 7? Hapana! Waya haukatizi hewani juu ya vichwa vya watu. Unapanda ukuta mita 3, unafuata dari mita 6, unakata kona mita 3, halafu unashuka mita 1. Jumla ni mita 13. Mwenye kuelewa koodineti hupata majibu yote mawili, na pesa za mzazi hazipotei.

Leo jioni pima chumba chenu, utafute koodineti za kitasa cha mlango. Kesho tulinganishe majibu, tena kwa Kiswahili. Nakomea hapo.